Gérard Philipe: nyota wa sinema aliyelipeleka jina lake kwenye jukwaa la wananchi

Pazia Wazi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za waigizaji wa zamani wa Ufaransa humu ndani huwa zinaishia kwa Belmondo, Delon na Depardieu. Leo naomba tukae na mtu aliyewatangulia wote watatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 sura yake ilikuwa inajaza majumba ya sinema Ulaya nzima, na umaarufu wake ulifika hadi Japani. Miaka hiyo hiyo, badala ya kukaa kwenye filamu achume pesa, alisaini mkataba na kampuni ya tamthilia ya serikali, akawa analipwa mshahara wa kawaida na jina lake linapangwa kwenye mabango kwa alfabeti kama la mwenzake yeyote. Anaitwa Gérard Philipe.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnaotaka kupinga mjiandae. Wengi wanamkumbuka kama kijana mzuri wa sura aliyekufa mapema. Mimi nasema kazi yake kubwa aliifanya jukwaani, na kile kifo cha mapema kimeifunika kazi hiyo kuliko kilivyoitangaza.

Alizaliwa Cannes tarehe 4 Desemba 1922. Jina la ukoo lilikuwa Philip. Yeye akaongeza "e" mwishoni ili jina zima liwe na herufi 13. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyekuja kuendesha hoteli, na alitaka kijana naye asome sheria. Mama ndiye aliyemuunga mkono kwenye uigizaji. Kipindi hicho Ufaransa ilikuwa imegawanywa na vita, na watu wengi wa sinema walikuwa wamekimbia Paris wakajazana huko kusini, Nice na Cannes. Kwa hiyo bahati ilimfuata nyumbani: mwongozaji Marc Allégret alimwona na kumpa moyo, na mwaka 1942 akapanda jukwaani Nice kwa mara ya kwanza, kwenye tamthilia ya André Roussin.

Mwaka uliofuata yuko Paris, ukumbi wa Hébertot, anacheza malaika kwenye "Sodome et Gomorrhe" ya Jean Giraudoux pamoja na Edwige Feuillère, ambaye tayari alikuwa mwigizaji mkubwa. Ana miaka 20. Baada ya hapo akaingia chuo cha sanaa za maigizo cha Paris, maana hakutaka kubaki mtu wa kipaji tu.

Sasa kuna jambo la familia ambalo lazima nilitaje, maana bila hilo hamtamwelewa vizuri huko mbele. Baba yake, Marcel, alikuwa kwenye chama cha Jacques Doriot kilichoshirikiana na Wajerumani. Baada ya ukombozi alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, maana alikuwa ameshakimbilia Hispania. Mtoto naye, Agosti 1944, alikuwa kwenye kundi dogo lililoingia na kulishikilia jengo la Halmashauri ya Jiji la Paris wakati Wajerumani bado wamo mjini. Baba na mwana, vita hivyo hivyo, pande mbili. Na hata hivyo hakumkana baba yake.

Septemba 1945, tena Hébertot, akacheza "Caligula" ya Albert Camus. Mtunzi ana miaka 31, mwigizaji 22. Ni kisa cha mfalme kijana wa Roma ambaye baada ya kufiwa na dada yake anaamua kuishi kana kwamba hakuna kinachomzuia, mpaka wanamuua. Paris iliyokuwa imetoka kwenye utawala wa mabavu mwaka mmoja tu nyuma ilikaa kimya ikamtazama kijana mwenye sura ya malaika akifanya unyama. Huo ndio usiku Paris ilipojua ina mwigizaji.

Filamu ikafuata haraka. "Le Diable au corps" ya Claude Autant-Lara, 1947, alicheza mvulana wa shule anayependana na mke wa askari aliyeko vitani, Vita ya Kwanza ya Dunia. Watu walikasirika sana, wengine wakaona ni tusi kwa wapiganaji, na tamasha la Brussels likampa tuzo ya mwigizaji bora. Kuanzia hapo hakuna mtayarishaji wa filamu Ufaransa ambaye hakumtaka.

Naendelea. Sehemu ya Avignon ndiyo kiini cha uzi huu.

---

Binti wa Pangani

Natia nanga hapa mkuu. Mimi namjua kwa "Fanfan la Tulipe" peke yake, baba alikuwa na mkanda wake. Upanga, farasi, na Gina Lollobrigida. Sikujua kabisa kama alikuwa mtu wa jukwaani.

---

Pazia Wazi

Karibu sana dada. Fanfan tutaifikia. Twende Avignon kwanza.

Jean Vilar alianzisha tamasha la tamthilia pale Avignon mwaka 1947. Jukwaa lenyewe ni uani mwa Kasri la Mapapa: kuta ndefu za mawe, anga wazi, upepo wa mistral unapita utakavyo, hakuna pazia. Vilar alikuwa amemwomba Philipe acheze Rodrigue kwenye "Le Cid" ya Corneille, na Philipe akakataa, akisema hajioni kwenye tanzia za aina ile.

Halafu, mwishoni mwa 1950, Vilar yuko ukumbi wa Atelier anacheza "Henri IV" ya Pirandello. Onyesho limeisha, yuko kwenye chumba cha kubadilishia maleba, mlango unagongwa. Ni Philipe. Amekuja mwenyewe kusema yuko tayari kufanya kazi naye. Fikirieni hapo: nyota anayegombaniwa na watayarishaji wote wa filamu anamfuata mwongozaji ambaye hana ukumbi wake wala pesa. Vilar akampa maandishi ya "Mwanamfalme wa Homburg" ya Mjerumani Heinrich von Kleist akasome.

Hiyo tamthilia naipenda kuliko maelezo. Afisa kijana wa Prussia anashambulia kabla ya kuamriwa, ushindi unapatikana kwa sababu yake, na bado anahukumiwa kifo kwa kukiuka amri. Kisha anapitishwa mahali kaburi lake linapochimbwa, na yule shujaa anaishiwa nguvu. Analia, anaomba aachwe aishi, heshima na cheo wachukue. Ni nadra kumkuta shujaa wa jukwaani anayeogopa waziwazi namna ile kabla ya kuikubali hukumu yake. Na ilikuwa tamthilia ya Kijerumani, ikipandishwa Ufaransa miaka 6 tu baada ya vita. Watu wa ukumbini walikuwa bado wana makaburi mapya.

Julai 1951 tamthilia zote mbili zikachezwa Avignon, "Le Cid" na "Homburg", Jeanne Moreau akiwa humo kabla dunia haijamjua. Karibu na ufunguzi Philipe akaanguka kutoka jukwaani akaumia goti, na "Le Cid" ya kwanza akaicheza kwa sehemu kubwa akiwa ameketi. Shujaa wa upanga, kwenye kiti, na watu walisimama kumshangilia.

Mnajua kisa cha "Le Cid": kijana anatakiwa kulipiza kisasi cha aibu ya baba yake kwa kumuua baba wa binti anayempenda. Mzigo wa jina la baba. Nikikumbuka Marcel Philip yuko Hispania na hukumu ya kifo kichwani, siwezi kuamini kuwa kijana yule aliucheza uhusika ule jukwaani bila kujua alichokuwa anakigusa.

Mwaka huo huo serikali ikampa Vilar jukumu la Théâtre National Populaire, kwa kifupi TNP, makao yake Kasri la Chaillot, Paris, ukumbi wenye viti zaidi ya 2,500. Philipe akaingia naye. Sasa angalieni jinsi walivyoendesha mambo, maana hapa ndipo penye ujuzi. Tiketi ya bei ya chini. Kuacha koti mlangoni ni bure. Bahashishi kwa wanaoelekeza watu kwenye viti ni marufuku. Maonyesho yanaanza mapema, saa 2 usiku, ili mfanyakazi awahi treni ya mwisho, na milango inafunguliwa kabla ya hapo na chakula kipo, kwa hiyo mtu anatoka kazini anakuja moja kwa moja. Kijitabu chenye maneno yote ya tamthilia kinauzwa kwa senti chache. Tiketi zinapelekwa kwenye kamati za wafanyakazi viwandani.

Na kabla ya Chaillot kuwa tayari, walianzia Suresnes, kitongoji cha wafanyakazi, Novemba 1951. Tiketi moja ya wikiendi: tamthilia, muziki, mlo wa pamoja, kisha dansi. Waigizaji wanashuka jukwaani wanacheza dansi na watu. Fundi wa mtaani anajikuta meza moja na Gérard Philipe.

---

Lushi 243

Jambo ba ndugu. Huku kwetu Lubumbashi "Le Cid" tuliisomaka shuleni, mwalimu alitulazimisha kukariri ile sehemu ya Rodrigue anajiuliza achague baba au mpenzi. Mimi niliichukia mpaka siku mwalimu alileta santuri yenye sauti ya Gérard Philipe. Tulikuwa darasa zima la watoto wakorofi, tukanyamaza. Hasomi kama mtu anakariri mashairi. Anaongea, halafu mstari unapanda polepole kama wimbo bila yeye kuimba.

Hata "Le Petit Prince" kwenye santuri, yeye ndiye msimulizi.

---

Pazia Wazi

Asante sana ndugu wa Lushi, hilo la sauti ndilo nililokuwa nalitafutia maneno. Hiyo ya "Le Petit Prince" ni ya 1954, mtoto Georges Poujouly akiwa mwanamfalme. Na kwa bahati mbaya sauti na picha mnato ndivyo tulivyobaki navyo zaidi kwenye kazi yake ya jukwaani. Picha nyingi za Avignon na TNP zilipigwa na Agnès Varda, kabla hajawa mwongozaji wa filamu. Ile ya Homburg, shati jeupe, shingo wazi, macho yanatazama mbali, ni mkono wake.

---

Mzee wa Hoja

Mleta uzi, naheshimu kazi uliyofanya, lakini naomba nipinge kidogo. Upande wa sinema huyu bwana alibaki upande wa zamani. Waulize vijana wa Cahiers du cinéma, lile jarida la uhakiki wa filamu. Truffaut, mmoja wao aliyekuja kuwa mwongozaji, mwaka 1954 aliandika humo makala kali dhidi ya sinema ya waandishi Aurenche na Bost, na hao ndio walioandika "Le Diable au corps" na "Le Rouge et le Noir" kwa ajili yake. Sinema ya studio, maleba ya kifahari, riwaya maarufu inakatwakatwa, maneno mazuri mazuri. 1959 anakufa, mwaka huo huo Truffaut anachukua tuzo ya uongozaji Cannes kwa "Les Quatre Cents Coups". Wakati ulikuwa umeshampita. Na alipojaribu kuongoza filamu mwenyewe, "Till l'Espiègle" ya 1956, ilianguka.

---

Pazia Wazi

Mzee wa Hoja, heshima yako. "Till l'Espiègle" ilianguka kweli, siitetei. Ilitengenezwa kwa ushirikiano na studio ya DEFA ya Ujerumani Mashariki, ikaja nzito, na Ufaransa walimrarua. Na "Le Rouge et le Noir" mimi mwenyewe huwa inanichosha katikati, pamoja na Danielle Darrieux kuwa mzuri.

Lakini usimpime kwa filamu za maleba peke yake. Chukua "Les Orgueilleux", Yves Allégret, 1953, iliyopigwa Mexico. Humo ni daktari aliyekuwa mtu wa maana, sasa ni mlevi wa mji wa bandari, joto, vumbi, homa ya uti wa mgongo inaua watu. Kuna kipande kwenye kilabu: ili apewe pombe, inabidi acheze ngoma mbele ya watu. Anacheza. Anaongeza kasi, jasho linamtoka, shati limegandamana na mgongo, wanamcheka, naye anatabasamu lile tabasamu lake maarufu lililowauzia tiketi mamilioni ya watu, lakini macho hayamo kabisa. Michèle Morgan anamtazama. Mwigizaji anachukua sura yake mwenyewe, mali yake kubwa, anaiburuza chini mbele ya kamera. Nimekitazama hicho kipande mara nyingi na bado kinanitoa jasho.

Au "Une si jolie petite plage" ya 1949: mvua kuanzia mwanzo hadi mwisho, hoteli ya pwani wakati wa baridi, kijana aliyeua anarudi mahali alipoteseka utotoni. Hasemi mengi. Mabega tu. Au "Monsieur Ripois" ya René Clément, 1954, London, kamera zimefichwa barabarani, yeye anatembea katikati ya watu wasiojua kuwa wanapigwa filamu. Barabara halisi, kamera iliyofichwa, mhusika asiyependeza: hayo ndiyo mambo ambayo vijana wa Cahiers walisifiwa kwayo miaka 5 baadaye.

Fanfan sasa, kwa dada wa Pangani. 1952, Christian-Jaque akapata tuzo ya uongozaji Cannes, na Ufaransa pekee ilipata watazamaji zaidi ya milioni 6. Mapigano mengi ya upanga aliyafanya mwenyewe. Ni filamu ya raha, haina kosa. Ila kumbukeni kuwa Julai ya 1952 hiyo hiyo yuko Avignon anaongoza "Lorenzaccio" ya Musset kwa niaba ya Vilar aliyekuwa mgonjwa, na anacheza Lorenzo mwenyewe. Uhusika huo kwa muda mrefu ulikuwa ukichezwa na wanawake, Sarah Bernhardt akiwa wa kwanza mwaka 1896. Philipe akaurudisha kwa mwanaume kijana: mtu aliyejifanya mlevi na mwoga ili amkaribie mtawala dhalimu amuue, na siku inapofika anagundua ule uigizaji umeshamwingia damuni. Mwaka 1958 TNP waliipeleka hadi New York.

---

Binti wa Pangani

Asante kwa maelezo ya Fanfan. Swali: huko TNP alikuwa analipwaje kama staa mkubwa hivyo? Maana wengi wakishapata jina hawarudi.

---

Pazia Wazi

Swali zuri, na linanipeleka kwenye jambo ambalo nyuzi nyingi zinaliruka. Alilipwa kwa viwango vya kampuni, sehemu ndogo sana ya alichokuwa anapata kwenye filamu moja. Pesa ya kuishi aliitoa kwenye sinema, na muda wake mzuri akaupeleka Chaillot.

Na hakuishia kwenye kujitolea yeye. Waigizaji wa Ufaransa walikuwa wamegawanyika kwenye vyama, wengi hawana kazi ya uhakika, mazoezi na malipo havieleweki. Mwaka 1957 aliandika makala yenye kichwa kinachosema waigizaji si mbwa. Akaongoza kamati ya kitaifa ya waigizaji, na mwaka 1958 pande zilizokuwa zimegawanyika zikaungana kuwa Syndicat français des acteurs, chama cha wafanyakazi ambacho hadi leo kipo. Rais wake alikuwa yeye. Mtu ambaye hakuwa na shida yoyote ya kazi alikuwa anakaa kwenye vikao vya jioni kujadili mikataba ya wenzake wa nafasi ndogo ndogo, wale wanaoingia jukwaani na mkuki na kutoka bila kusema neno. Hapo ndipo mimi nampimia mtu.

Siasa zake zilikuwa za mrengo wa kushoto, hakuficha. Alisaini Wito wa Stockholm dhidi ya silaha za nyuklia mwaka 1950, akatembelea China 1957, akaenda Cuba 1959.

---

Mzee wa Hoja

Hilo la chama sikuwa nalijua. Nakubali hapo. Je, ni kweli alizikwa na maleba ya Le Cid au ni hadithi za mtaani?

---

Pazia Wazi

Ni kweli mkuu.

1959 ulikuwa mwaka wa kazi mfululizo. Mwanzoni mwa mwaka Chaillot, "On ne badine pas avec l'amour" ya Musset, uongozaji wa René Clair. Kisha "Les Liaisons dangereuses" ya Roger Vadim, na Jeanne Moreau tena. Kisha Mexico kwa Luis Buñuel, "La Fièvre monte à El Pao", na ukimtazama humo unaona amekonda na amechoka. Aliporudi wakapumzika nyumbani kwa familia Ramatuelle, kusini. Novemba akafanyiwa upasuaji Paris, madaktari wakakuta saratani ya ini ambayo haina la kufanya. Walimweleza mkewe, Anne. Anne akaamua kutomwambia.

Kwa hiyo siku zake za mwisho alizitumia kupanga kazi. Alikuwa anasoma tanzia za Wagiriki na kuandika pembeni mwa kurasa, anataka kumcheza Hamlet. Alifariki tarehe 25 Novemba 1959, siku 9 kabla ya kutimiza miaka 37, akaacha watoto wawili wadogo. Akazikwa Ramatuelle na maleba ya Rodrigue. Anne baadaye aliandika kitabu kuhusu majuma yale, "Le Temps d'un soupir", 1963, na hakulitaja hata mara moja jina la mumewe humo.

Hicho kifo ndicho kilichomgeuza kuwa picha ya ukutani. Mwaka 1961 akawekwa kwenye stempu ya posta. Hayo ni mapenzi ya watu, siyapingi. Ila Vilar alipompoteza alipoteza mfanyakazi mwenzake wa miaka 8, mtu wa mazoezi ya saa nyingi, na hilo halionekani kwenye stempu.

---

Lushi 243

Mukubwa, kwa mtu hajaona filamu yake hata moja, aanze na gani? Na kama Kifaransa hakipandi?

---

Pazia Wazi

Kama unataka kufurahi na watoto nyumbani, Fanfan. Kama unataka kujua kwa nini nimeandika uzi mrefu hivi, anza na "Les Orgueilleux", halafu "Une si jolie petite plage" usiku wa mvua ukiipata. "Les Grandes Manœuvres" ya René Clair, 1955, ni ya rangi na inaonekana nyepesi, lakini nusu saa ya mwisho ukae vizuri.

Kwa asiyejua Kifaransa, "Monsieur Ripois" ina toleo la Kiingereza linaloitwa "Knave of Hearts", na humo anaongea Kiingereza mwenyewe kwa lafudhi yake. Ila ukipata santuri za TNP, sikiliza "Homburg" hata kama huelewi neno. Ile sehemu ya kaburi utaitambua tu.